Kufuata Ufa

Jumwa alikuwa amekwisha kukataa upasuaji. "Shingo nimepasuliwa mwaka jana, wakachakura, wakakosa. Sasa wanataka kifua. Kesho watataka kisogo?"

Binti yake Kadzo alimhamisha mtoto kwenye titi la pili. Alijua kukataa kule kulikuwa kunaelekea wapi. Mama aliteguka kiuno, akavunjika mkono kwa kuinua ndoo tu. Figo zilijaa mawe, na siku hizi hata jina la mjukuu wake lilikuwa limemtoka. Kila alipovunjika mfupa, majirani wa Kikoneni walimletea maziwa na dagaa, na Kadzo alimsimamia mpaka kikombe kikauke.

"Maziwa hayakumdhuru," Daktari Munee alikuwa amemweleza, "ila ni kumwagia maji mtungi uliotoboka. Kwanza tuzibe tundu."

Sasa daktari huyo aliingia wodini. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekuja na kisu?"

"Nimekuja na picha." Akamwonyesha doa moja linalong'aa nyuma ya mfupa wa kifua. "Tuna vitezi vinne nyuma ya koo, kama punje za mchele, vya kupima kalsiamu ya damu. Kimoja chako kimeota uvimbe. Si saratani, lakini kinaiamuru mifupa itoe kalsiamu bila kukoma, nayo ikizidi damuni hujaza figo mawe na kufifisha kumbukumbu. Wenzangu walikitafuta shingoni, mahali pake. Chako kilishukia kifuani tangu ungali tumboni mwa mama yako."

Jumwa alibetua midomo. Kadzo akasogea.

"Mama, uking'oa shina la muhogo ukakuta mizizi mitatu tu, na ardhi imepasuka kule mbali, wafanyaje?"

"Nafuata ufa."

"Hata ukipita chini ya njia?"

"Hata ukipita chini ya kitanda cha jirani! Muhogo si wangu?"

Mgonjwa wa kitanda cha pili aliangua kicheko. "Mimi hunichimbi, mwanamke we!"

Jumwa naye akacheka, akaishika picha, akaliwekea doa kidole. "Huu ndio ufa?"

"Ndio, mama."

"Basi ufuateni. Ila daktari, usinilimie shamba zima."

Ijumaa walimpeleka chumba cha upasuaji. Adhuhuri Munee alitoka, barakoa ikining'inia shingoni. "Kilikuwa kikubwa kama korosho. Tumepima damu dakika kumi baada ya kukitoa, homoni yake, ile inayoiamuru mifupa, imeshuka zaidi ya nusu. Ndicho chenyewe."

Kesho yake asubuhi Jumwa aliamka akilalamika. "Sisimizi wanatambaa midomoni mwangu."

Kadzo akashtuka, lakini Munee alikwisha kuagiza dripu ya kalsiamu. "Nilikuwa nawangoja hao. Mifupa ilikuwa na njaa, sasa inakula kalsiamu ya damu kwa pupa. Vidonge kila siku, na maziwa sasa yatakaa."

"Umesikia?" Jumwa aligeuza kichwa, akamtazama mtoto mapajani mwa bintiye. "Kheri, mwambie mamako anitilie maziwa. Na kikombe kiwe kikubwa."

Kadzo alikuwa hajamtajia mama yake jina hilo kwa miezi miwili.