Ukoko wa Paela

Niliota usiku wa jana nimo jikoni kwetu Pangani, nawapikia wageni wa harusi ya mdogo wangu Mwanakheri paela, yaani wali wa Kihispania unaopikwa kwenye kikaango kipana kama ungo. Nani kaniagiza, sijui. Ndoto haiombi ushauri.

Nikafanya kama nifanyavyo pilau: nikamimina tui, nikafunika, nikapalia makaa juu ya mfuniko. Kikaango kikapiga kelele.

"Nivue kofia, bibi! Mimi sifunikwi!"

Kamba mmoja akachomoza kwenye wali, akajipangusa masharubu. "Mpishi ndiye wewe? Sikiliza. Hufuniki. Hukorogi. Chini lazima ushike ukoko, na ukoko lazima uliwe. Bila ukoko hii si paela, na bila paela hakuna ndoa."

Kwetu sisi, msichana akila ukoko, siku ya harusi yake hunyesha. Na harusi ni leo, uwanjani, turubai hatuna.

"Nitaula mimi," nikasema. "Nimeshaolewa na nimeshaachika. Mvua yangu ilikwishanyesha."

"Vyema. Lakini kwanza wali upumzike."

Wali ukaomba mto. Nikaupa. Ukaomba shuka. Nikaupa, huku hasira zimenipanda, maana wali wa kwetu haupumziki, unaliwa.

Sasa si jikoni tena. Tuko uwanjani, wageni wamekizunguka kikaango, kila mtu na kijiko chake, kila mtu na upande wake. Kamba anachunga mipaka. Bwana harusi anakula bila kuinua kichwa. Mimi kijiko sina. Nanyoosha mkono, haufiki. Juu yetu kuna wingu moja jeusi, limekaa tu, linasubiri. Naogopa hata kulitazama.

Mwanakheri anavua viatu. Anaingia kikaangoni na gauni lake lote, anapiga magoti, anabandua ukoko kwa kucha.

"Mwana, usile! Itanyesha!"

Ananitazama, mashavu yamemjaa. "Dada, mimi nataka inyeshe."

"Harusi itavunjika!"

"Ndiyo." Anabandua kipande kingine. "Nimewaambia kwa mdomo, hamkunisikia. Hata wewe."

Tone la kwanza likanidondokea puani, nikaamka.

Kumepambazuka, mbingu nyeupe pe. Mwanakheri kalala ubavuni mwangu, hina imemkolea vizuri mikononi. Nikamshika kidole kuitazama. Chini ya ukucha kuna kipande cha wali ulioungua, cha njano, kinanuka kamba. Nikatazama kidole cha pili, na cha tatu. Vyote. Na jana sisi tulikula muhogo.

"Dada, naomba maji," akasema bila kufumbua macho. "Nimeshiba mno."

Nikampa maji. Kisha nikaenda kumgongea baba mlango, kabla shehe hajafika.

"Baba, amka," nikasema. "Mwana hataki."