Kinywa cha Mzee wa Kanisa

Mume wangu Kirigia alikuwa mzee wa kanisa hapa Burat kwa miaka mingi, na sasa kwa vile amelala katika Bwana, kila mtu anamsifu. Wacha mimi niseme ukweli, kwa sababu ndimi niliyekuwa nikimpikia.

Wakati wa kiangazi, chakula cha msaada kikija kanisani, yeye ndiye alishika kopo la kugawa mahindi. Alikuwa na sheria yake. Unasimama mbele yake, unanyoosha mikono yote miwili, unasema "Asante Yesu" kwa sauti ya kusikika hadi mlangoni. Ukinong'ona, unarudi nyuma ya laini. Alisema anawafundisha watu shukrani. Siku moja alimrudisha Nanok, mama Mturkana jirani yetu, akiwa na mtoto mgongoni na njaa imemkausha sauti. Nanok alirudi nyuma, akapanga laini upya. Tulipofika nyumbani nilimgombeza mume wangu, akaniambia nisiingilie kazi ya Bwana.

Halafu mwaka huu kiharusi kikampiga. Hospitali walimtibu wakamrudisha nyumbani, mkono wa kulia umekufa, mdomo umeenda upande, maneno yanatoka nusu nusu. Daktari akaniambia, "Mama, alishwe vizuri. Bila chakula hizi dawa ni kazi bure." Nikasema hiyo ni kazi ndogo. Kumbe!

Kirigia alikataa kulishwa. Alitaka kushika kijiko mwenyewe kwa mkono wa kushoto, uji ukamwagika kifuani, basi akasukuma bakuli, akafunga meno. Nilimbembeleza, nikamwimbia, nikamtisha. Wapi! Wanawake wa kanisa walikuja kumwombea, maombi marefu, akageukia ukuta. Alikuwa anaisha hivi hivi nikimwona. Shati lilimkaa kama limetundikwa kwa msumari.

Pasta Ntongai akaleta Meza ya Bwana nyumbani. Miaka yote Kirigia ndiye alikuwa akipitisha sahani ya mkate kwa watu, kwa hivyo akanyoosha ule mkono wa kushoto achukue mwenyewe. Mkate ukaanguka kwa vumbi. Pasta akataka kumwekea mwingine kinywani, mzee akatikisa kichwa, machozi yakimtoka. Pasta ni kijana, aliogopa kumlazimisha mtu wa umri wa baba yake. Akafunika sahani akaenda zake.

Hapo nilichemka. "Kirigia!" Nilimwita jina, kitu sijawahi kufanya tangu tuoane. "Unataka kufa njaa na chakula kiko hapa? Umelisha nusu ya Burat, na wewe hutaki kulishwa? Kwani wewe ni nani, wewe ni Mungu?" Nikatoka nje nikalia kando ya shamba letu, ambalo msimu huo lilikuwa mabua tu.

Nanok alinisikia. Alikuja na maziwa ya mbuzi kwa kikombe, akaingia ndani akakaa chini kwa sakafu karibu na kitanda. Nikamfuata. Alijaza kijiko, akakipeleka hadi karibu na mdomo wa mzee, akakisimamisha hapo.

"Mzee," akasema, "sema asante Yesu kwanza. Kwa sauti. Ama urudi nyuma ya laini."

Woi! Nilitamani ardhi inimeze. Kirigia alimkazia macho, nikajua sasa ndio nyumba itawaka moto. Halafu mabega yake yakaanza kutikisika. Nilidhani ni kiharusi kimerudi. Kumbe anacheka, kwa ule upande mmoja wa mdomo uliobaki, na kicheko kikageuka kilio, na Nanok bado ameshika kijiko, anangoja.

"Asante," Kirigia akasema. Ilitoka imevunjika, lakini ilitoka. Akafungua kinywa.

Tangu hapo alikula. Kila kijiko, asante. Akipanguswa, asante. Akigeuzwa kitandani, asante. Yule mtu wa maombi ya nusu saa alibaki na neno moja tu, na alilisema akikuangalia machoni, bila haya, kama mtoto. Pasta alirudi, akamwekea mkate kwenye ulimi. Nanok alizoea kumtania, akimwita "mtoto wangu", naye anaitika. Mimi, haki ya Mungu, nilianza kuamini atapona.

Lakini mvua haikuja. Mbuzi wa Nanok wakakauka maziwa, unga wetu ukaisha, na mzee akaanza kushindwa kumeza. Jumapili moja asubuhi sikuwa na kitu cha kumpa isipokuwa maji ya moto na sukari kidogo. Nikamtilia kijiko cha kwanza.

"Asante," akasema.

Nikapandwa na hasira. "Asante ya nini? Hii ni maji! Mungu amekunyima mkono, ametunyima mvua, sasa ametunyima hata maziwa. Unamshukuru kwa nini?"

Aliniangalia akishangaa nimekasirikia nini. Kisha akafungua kinywa tena, akangoja. Nikamlisha yale maji nikilia mpaka kikombe kikaisha, na kabla ya saa ya chakula cha mchana alikuwa ameenda.

Tulimzika kwenye shamba. Wazee wenzake walisema alikuwa mtu wa kutoa, mtu ambaye hakuwahi kuomba mtu kitu, na watu wakaitikia amina. Nanok alikuwa amesimama kando yangu, amenishika mkono. Kisha pasta akaniita mbele nimshukuru Mungu kwa maisha ya mume wangu. Nilitaka kumwambia Mungu maneno mengine kabisa. Nikafungua kinywa, na neno halikutoka, hata moja. Sikukifunga. Nilisimama hivyo mbele ya watu wote, kinywa wazi, nikingoja.