Karatasi Nyuma ya Kiti

Kayaki ile, mtumbwi mwembamba wa mtu mmoja, ilirudi karakanani kwetu bandarini Holyhead ikiwa na ufa nyuma ya kiti, na ufa umepita juu ya mwandiko wa mume wangu.

Sisi waunda kayaki tuna desturi. Kabla ya tabaka la mwisho la nyuzi za kioo unaandika jina lako kwenye karatasi, unailaza, unaifunika kwa resini, gundi ya maji inayoganda ikawa ngumu. Wengine huandika jina na tarehe basi, wavivu wakubwa. Emrys wangu aliandika hata ya nyumbani: "Mvua. Mererid ana mafua. Leo nawahi nyumbani." Mwaka wa kumi na mmoja yuko kaburini, nami nasoma kwamba anawahi. Nilimtamani.

Nikafanya upumbavu. Nikaziba kwa nje tu, nisiisage karatasi, nikang'arisha, nikamwambia mwenzangu wa kazi Gwilym kazi imekwisha.

Akaingiza mkono, akabonyeza kwa dole gumba. Ndani pakalia mlio wa kukatika.

"Mererid, hii umeiziba au umeipaka poda?"

"Itashika."

"Jiwe likigonga nje, nyuzi za ndani ndizo hukatika kwanza. Si wewe uliyenifundisha, mama?" Kisha akaiona karatasi. "Ah. Emrys."

"Niachie hiyo tu, Gwilym."

"Mwenyewe, Heledd, anaingia nayo kwenye mkondo wa bahari Jumamosi. Peke yake."

Akaenda kuchemsha chai. Huruma ya Gwilym huishia kwenye birika.

Nilijua Emrys angesema nini. Aliwahi kukata kwa msumeno kayaki mpya nzima kwa sababu ya viputo vya hewa. Na Heledd, mwenye kayaki, naye ana mtu anayemngoja mlangoni.

Nikavaa barakoa, nikawasha mashine ya msasa. Ufa ulitaka kusagwa kwa ndani upana wa kiganja kila upande, nikausaga. Mvua ikaenda, jina langu likaenda, yote vumbi jeupe, nami nikalia ndani ya barakoa. Nikalaza kitambaa kipya, cheupe, kikafunika kila kitu. Kilipolowa resini kikawa angavu, na pembeni likatokea neno moja lililosalia: "nyumbani".

Kabla ya tabaka la mwisho nilichana kipande kipya cha karatasi, nikaandika kwa penseli: "Jua. Mafua yalipona. Bado nakungoja."