Homa ya Saila

"Sindano nimeziacha," Helka alisema, akamwaga kata nyingine ya maji juu ya mawe ya moto.

Mvuke ukapanda ukatubabua masikio. Tulikuwa uchi, mimi na dada yangu, kwenye benchi la juu la sauna, kibanda cha mvuke alichokijenga marehemu baba kando ya ziwa, Jumamosi moja alasiri. Sisi Wafini ni wazito wa kusema. Mezani tunazungumzia mvua, mazishini tunazungumzia viazi. Ukitaka la moyoni mwa Mfini, mvue nguo umtie kwenye mvuke. Wiki ile nilikunywa kahawa jikoni kwa Helka na kula mikate yake ya iliki, hakunidokezea neno. Nami sikuuliza. Kwetu kuuliza ni kama kumchungulia mtu dirishani.

Saila, bintiye, alikuwa ndio kwanza ameanza shule. Kooni mwake kulikuwa na vinyama vilivyoletwa na kirusi. Vikikatwa vinaota upya, na kila vilipoota sauti yake ilipungua, mpaka ukabaki mnong'ono. Madaktari walishasema vikizidi watamtoboa shingo apate pa kupumulia. Walipolitaja hilo Helka aliitikia kwa kichwa, akavaa koti lake, akaenda kununua maziwa.

Miaka hiyo ya sabini nilifanya kazi katika maabara moja ya Helsinki, chini ya Profesa Rautio. Kila asubuhi tulipokea masalio ya damu iliyotolewa na watu kwa hiari, ule utando mweupe ambao hospitali hazikuuhitaji. Humo mna seli nyeupe, walinzi wa mwili. Tulizichokoza kwa kirusi tulichokiotesha kwenye mayai, nazo zikatoa intaferoni, protini ambayo mwili huitumia kujulisha hatari. Damu ya umati mzima ilitupa kichupa kidogo tu, na hospitali za kila nchi zilikitaka. Nilikaa kimya majira yote ya baridi, kisha nikapiga moyo konde nikamweleza profesa habari za Saila. Alitazama viatu vyake kwa muda.

"Irja, mbona umekaa na jambo hili miezi yote hii?"

"Hukuniuliza, profesa."

Akaidhinisha vichupa vya kumdunga Saila, vikawekwa kwenye friji la zahanati ya mtaani kwao. Na sasa dada yangu ananiambia ameacha sindano.

"Kwa nini?"

"Kila akidungwa, jioni anachemka homa. Viungo vinamuuma, meno yanagongana." Aliiweka kata chini. "Mtoto hana sauti ya kulia, Irja. Anatetemeka kimya kimya. Nimeshindwa kumtazama."

Hasira iliyokuwa imenipanda ikaniishia palepale. Nikabaki na woga.

"Muuguzi anasemaje?"

"Nisipofika Jumatatu atavirudisha vichupa. Kuna wagonjwa wengine wanavisubiri."

Nilijifuta jasho, nikatafuta pa kuanzia. Kazini nilijua kulieleza jambo hili kwa wageni wenye tai. Kwa dada yangu sikuwahi hata kujaribu.

"Unayakumbuka mafua yake ya Krismasi? Homa, viungo?"

"Nayakumbuka."

"Ndiyo dawa hiihii, ila mara ile aliitengeneza mwenyewe. Seli ikivamiwa na kirusi, mara nyingi yenyewe haiponi. Lakini kabla haijafa inapiga yowe. Majirani wakisikia wanakomea milango, kirusi kikija hakipati pa kuzaliana. Hilo yowe ndilo intaferoni. Akichemka, mwili wake umelisikia."

"Kwani mwenyewe hajui kupiga yowe?"

"Pale kooni halitoshi. Tunamwazimia la wengine."

"Wepi?"

"Waliotoa damu. Dereva wa tramu, mwalimu, sijui nani na nani."

Nje Saila alikuwa akitupa vijiwe ziwani, tukisikia kimoja kimoja kikitumbukia.

"Hata mimi nilitoa," Helka alisema. "Theluji ilipoanza kuyeyuka."

"Basi huenda na yowe lako limo."

Alinigeukia, uso mwekundu kwa joto. "Niapie atapona."

Nilitamani sana kumdanganya. "Siwezi, dada."

Akaitikia kwa kichwa polepole.

"Krismasi ulimfanyia nini?" nikamuuliza.

"Nilimpa sharubati ya moto. Nikalala naye."

"Fanya hivyohivyo."

Sikumkera tena. Jumatatu mchana nilipiga simu zahanati. Muuguzi akaniambia wameshafika na wameshaondoka, na kwamba mama mtu alikuwa na chupa ya sharubati mkobani.

Siwezi kusema vinyama vilikwisha. Vilinywea. Daktari alipochungulia tena majira ya majani kupukutika, hakutaja kutoboa shingo.

Muda si mrefu baadaye tulikuwa watatu kwenye soko la ndani, tumepanga foleni ya samaki, watu wote kimya kama kawaida yetu. Mbele yetu alisimama bibi mmoja mwenye nywele nyeusi tititi, zimekaa upande kidogo.

"Mama!" Saila alisema, sauti ya kukwaruza lakini kubwa, ikafika mpaka kwa wauza jibini. "Nywele za yule bibi si zake!"

Foleni nzima ikainamia sakafu. Aibu ilinishika mpaka kisogoni, nikamsubiri Helka amzibe mtoto mdomo, maana hata kukohoa mbele za watu yeye huomba radhi.

Helka akachutama mbele ya binti yake, machozi yanamtoka waziwazi, huku muuza samaki akiita zamu yetu.

"Sema tena," alimwambia.