Meza Iliyoitika

Waraka ulipofika shuleni, mwalimu mkuu aliusoma mara mbili kwa sauti, kisha akausoma tena kimyakimya, kana kwamba ukisomwa polepole ungeweza kubadili nia. Haukubadili. Serikali ilikuwa inabana matumizi. Fedha za chaki zilipunguzwa, sanaa na ushonaji viliondolewa kwenye mtaala, na sasa muziki nao ulifuata, kwa sababu hauna mtihani wa mwisho. Vyombo vyote vya bendi vingekuja kuchukuliwa Alhamisi, vikahifadhiwe katika ghala la ofisi ya elimu.

"Kuhifadhiwa," alisema mwalimu wa muziki. "Kama cherehani zetu zilivyohifadhiwa."

Chumba kizima cha walimu kikaguna. Habari za cherehani zilijulikana. Mwalimu wa hesabu alikwenda ofisini siku moja kufuatilia uhamisho wake, akachungulia ghalani, akamkuta kuku amelalia mayai juu ya mojawapo ya cherehani zao mpya. Alipouliza, aliambiwa asiwe na wasiwasi, kuku yule si mali ya serikali.

Wanafunzi walimwita mwalimu wa muziki Mama Moja-Mbili, maana alihesabu mapigo hata akipanda ngazi. Alikuwa mwanamke wa sauti ya chini na subira ndefu, isipokuwa kwa jambo moja: hakuweza kusikia kosa akaliacha lipite. Mumewe aliacha kupiga mluzi nyumbani tangu mwaka wa kwanza wa ndoa. Vyombo vya bendi alivikuta vimetoboka na kuota kutu, akavifufua kimoja kimoja kwa gundi, waya na ukaidi. Siku hizi kulikuwa na watoto waliokuja shule kwa ajili ya tarumbeta tu, hesabu wakaiokota njiani. Mwalimu wa hesabu mwenyewe alikiri hivyo.

"Tuvifiche," alisema mwalimu wa hesabu.

"Wapi, kaka? Ngoma ile haipiti hata mlango wa stoo."

"Tuvifiche mbele ya macho ya huyo atakayekuja kuvichukua. Mtu aliyetumwa kutafuta ngoma hashughuliki na meza."

Mwalimu mkuu alikuwa amekaribia kustaafu na hakutaka makuu. "Mimi sijasikia neno," alisema. Akatafakari. "Ila kitambaa cha meza kipo kabatini kwangu. Kile cha maua."

Alhamisi asubuhi, ngoma kubwa ililazwa katikati ya chumba cha walimu, ikafunikwa maua, ikabebeshwa chupa ya chai na vikombe. Tarumbeta la besi, lile ambalo mtoto akilibeba unamwona miguu tu, lilisimamishwa pembeni mwa mlango na kutiwa miavuli. Filimbi ilifanywa fimbo ya kutundikia pazia la dirisha dogo. Matoazi yalipelekwa jikoni, yakafunika masufuria.

"Mwalimu, mafuniko yako yana tundu katikati," mpishi alilalamika.

"Ni ya kutolea mvuke, dada yangu."

"Na hii mikanda?"

"Ya kushikia, usiungue."

Mpishi aliyageuza, akayatazama upya. "Mbona hamkunipa siku zote hizi?"

Mwalimu mkuu alimvuta Mama Moja-Mbili kando. "Wengine siwaogopi. Wewe ndiye ninayekuogopa. Chochote utakachosikia, nyamaza."

"Nitanyamaza."

"Apa."

"Mwalimu mkuu, mimi mtu mzima."

"Ndiyo maana nakwambia uape. Ungekuwa mtoto ningekufungia darasani."

Aliapa.

Afisa wa elimu alifika kwa lori, akamwacha dereva nje na injini inanguruma. Alikuwa mtu mpole, mwembamba, aliyevaa koti lililonunuliwa kwa matumaini ya kunenepa. Aliwaamkia watu wote, akaomba radhi kwa usumbufu, akaanza kukagua. Mlangoni alisimama mbele ya miavuli.

"Chombo kizuri hiki. Na haya mabomba yote ya nini?"

"Kuzungusha maji ya mvua," alisema mwalimu mkuu, uso mkavu. "Ukibonyeza pale chini, yanatoka."

Afisa alibonyeza. Yalitoka kweli, matone kadhaa, kwa kuwa mpiga tarumbeta hupuliza mate pamoja na pumzi, na hakuna aliyekuwa amekumbuka kuyamwaga. Afisa akatikisa kichwa kwa kustaajabia ufundi, akafuta kidole kwenye koti.

Jikoni aliinua funiko, akanusa, akalirudisha. Likalia tiiing, likaendelea kulia.

"Mafuniko yenu yana sauti."

"Yakilia, ujue chakula kimeiva," alisema mpishi.

"Mbona halinyamazi?"

"Basi kimeungua."

Walipofika chumba cha walimu, afisa alikuwa amechoka na hajaona hata kijiti cha kupigia. Wakamkaribisha chai. Alikunywa funda moja, akatua kikombe mezani.

Dum.

Walimu wote wakakohoa kwa pamoja.

"Meza yenu ina mwangwi," alisema afisa.

"Mbao za siku hizi, mheshimiwa," alisema mwalimu wa hesabu. "Tupu ndani, kama hotuba."

Afisa akacheka. Naye, kama watu wengi wakiwa na mawazo, alianza kugonga meza kwa vidole. Dum, dum, taka-dum. Sauti ilimpendeza, akarudia kwa kiganja. Dum, dum, taka-dum. Tatizo lilikuwa pigo la tatu. Kila alipolifikia, alilidaka kabla ya wakati wake.

Mama Moja-Mbili alitazama dari. Akatazama pazia, lakini pale palikuwa na filimbi, akarudi darini. Kidole gumba cha mguu kilianza kuhesabu chenyewe ndani ya kiatu. Mwalimu mkuu akakikanyaga.

"Ajabu," alisema afisa, akigonga. "Niliambiwa shule hii ina bendi nzima. Nami nimezunguka kila mahali." Dum, dum, taka-dum. "Basi, nitaandika kwamba hakuna kitu, nijiendee zangu."

Walimu wakaachia pumzi. Afisa akatoa kalamu, akaikagua, akagonga mara ya mwisho ya kuaga. Dum, dum, taka-dum.

"Unaliwahi pigo la tatu," ilisema sauti.

Mama Moja-Mbili aligeuka kumtafuta aliyesema, akakuta wote wanamtazama yeye.

"Samahani?" alisema afisa.

"Anasema umewahi kufika," mwalimu mkuu alidakia. "Tulikutegemea saa tatu."

"Hapana, pigo," alisema Mama Moja-Mbili, na sasa hakuna kiapo ambacho kingemzuia. "Moja, mbili, halafu unasubiri kidogo, ndipo tatu. Wewe unalikatiza, kama mtu anayemjibu mgeni kabla hajamaliza salamu."

Afisa aliitazama meza. Akainua pembe ya kitambaa taratibu, kama mtu anayefunua bendeji ya mgonjwa. Akaona ngozi.

"Hii ni ngoma."

"Ni meza," alisema mwalimu wa hesabu, kutimiza wajibu tu.

"Ni ngoma," alisema Mama Moja-Mbili. Njia ya mwongo ni fupi, nao walikuwa wamefika mwisho wake. Akasimama. "Kile cha miavuli ni tarumbeta. Mafuniko ni matoazi. Pale dirishani ni filimbi. Nimechoka kuviita majina yasiyo yao. Lakini havitoki hapa."

"Mwalimu wangu, mimi nimetumwa tu."

"Najua. Hata kuku wa ghalani kwenu hana kosa."

"Siwezi kurudi na lori tupu."

"Na mimi siwezi kukuacha urudi na pigo hilo. Vua koti."

Pengine afisa alikuwa amezoea kuamriwa kwa muda mrefu mno. Alivua. Vikombe vikaondolewa, kitambaa kikakunjwa. Akapewa vijiti, akapiga.

"Umewahi. Tena."

Akapiga.

"Umewahi. Nani anakufukuza? Tena."

Mwalimu wa hesabu hakuweza kukaa bure. Alimimina miavuli sakafuni, akalibeba tarumbeta la besi ambalo hakuwahi kuligusa, akapuliza. Lilitoa sauti ya fahali aliyekwama mlangoni. Mpishi akaja mbio na mafuniko yanayofuka mvuke. Nje, dereva, aliyechoka kusubiri, akaanza kupiga honi: pii, pii, halafu kituo, halafu pii.

"Msikilizeni yule!" alisema Mama Moja-Mbili. "Yule anasikia!"

"Ni dereva wangu," alisema afisa, amenuna.

"Basi mfuate dereva wako."

Akafunga macho, akafuata honi. Dum, dum. Akasubiri. Taka-dum. Akarudia, na safari hii ilikaa kama mguu kwenye kiatu chake. Madirishani wanafunzi wakapiga makofi. Afisa alikuwa anatiririka jasho, meno yote nje.

Kisha akakumbuka kazi yake. Aliweka vijiti chini, akavaa koti, akashika kalamu.

"Walimu, niambieni basi. Niandike nini?"

"Andika hukuona kitu," alisema mwalimu wa hesabu akihema.

"Hapana," alisema Mama Moja-Mbili. "Andika umeviona vyote, na andika nimekataa kuvitoa."

"Nikiandika hivyo, mwalimu, watakuja wengine. Si wapole kama mimi. Na kazi yako..."

"Andika."

Kalamu ilikuwa bado hewani mwalimu mkuu aliponyoosha mkono juu, kama mwanafunzi. Alionekana kushangaa kuukuta huko. Aliutazama, na hakuushusha.

"Na mimi nimekataa," alisema. "Anza na mimi. Mimi ndiye mkuu."

"Na mimi!" Mwalimu wa hesabu alinyoosha wake. Mara mikono ikawa juu chumba kizima, vidole vinadatishwa kama darasani, watu wazima wanainuka vitini. "Mimi! Na mimi! Mheshimiwa, mimi hapa!" Mpishi alinyoosha toazi.

"Mmoja mmoja!" alisema afisa. "Sitamwandika mtu anayepiga kelele!"

Akawaandika wote, lori likaondoka tupu. Walipolisikia limepita geti, mwalimu mkuu alijimiminia chai, akasogeza kikombe kuelekea ngoma. Mama Moja-Mbili akamtazama. Kikombe kikarudi mkononi.

Meza nyingine haikuwepo. Wakanywa chai wamesimama.