Magoti Yaliyotoboka

Tak! Sindano ilikatika, na kabla fundi hajainua macho kutoka kwenye cherehani, alishamsikia wifi yake akicheka mlangoni.

"Wifi, leo siku ya mwisho ya kuandikisha! Au Kifungo ataanzia darasa la kwanza hapo chini ya meza?"

"Nimeshachagua. Ghorofani."

Kifungo alikuwa bintiye wa miaka sita. Sikio lake la kulia lilikuwa halisikii kitu tangu alipougua. Fundi alikuwa na njia yake ya kuzipima shule mbili za serikali pale mtaani, Ghorofani na Bondeni, wala hakutaka kubishiwa: sare zao zote zilipita mikononi mwake. Za Ghorofani zilikuja zimelika viwikoni, na kiwiko huliwa na dawati. Za Bondeni zilikuja zimetoboka magotini, kila wiki. "Kule watoto wanakaa chini kama mizigo," aliwaambia wateja, nao wakalitembeza neno hilo mtaa mzima.

Wakaenda Ghorofani, watatu. Mwalimu wa kuandikisha alipita nyuma ya Kifungo, upande wa kulia.

"We mtoto, unaitwa nani?"

Kifungo hakugeuka.

"Ana jeuri huyu."

"Hasikii upande huo, mwalimu. Naomba akae mbele."

"Mama, darasa lina watoto tisini na wanne. Mbele ni kwa waliowahi."

Fundi akakinyakua cheti cha kuzaliwa mezani. Wifi akambana mkono. "Shule inayoongoza kwa matokeo, unaiacha?"

"Ataongoza vipi asiposikia?"

Bondeni walikuta darasa tupu, lenye madawati yaliyopangwa safu kwa safu. Watoto walikuwa uani, wamepiga magoti, wanapima kivuli cha nguzo ya bendera kwa kamba na chaki. Mwalimu wao naye alikuwa chini, sketi imejaa vumbi.

"Leo vipimo, keshokutwa wadudu," alisema akijikung'uta. "Magoti ya sare yanakoma, najua."

Fundi alihisi uso unawaka moto. Angeweza kunyamaza. "Mwalimu, mimi ndiye niliyewaambia watu hamna madawati."

"Ahaa! Kumbe ni wewe." Mwalimu hakucheka. "Mwaka huu wameandikishwa ishirini na wanane tu."

"Nitawarudia wote niliowaambia, mmoja mmoja."

"Na matokeo yenu je?" Wifi aliuliza.

"Ghorofani wametuzidi. Sitawadanganya." Alimtazama Kifungo, akamwona anavyogeuza shingo kila mtu anaposema. Akazunguka, akachuchumaa upande wake wa kushoto. "Mwenzangu, wewe ungependa kukaa wapi?"

Kifungo aliingia darasani, akasimama, akapima kwa macho. Kisha akachagua dawati la mbele lililogusa ukuta wa kulia, ili darasa lote libaki upande wa sikio zima. Hakuna aliyemfundisha.



Fundi aliandika jina la mwanawe kwenye daftari la shule, ingawa kwa matokeo Ghorofani bado walikuwa wamewazidi Bondeni. Akaenda kwenye lile dawati, akainama kushoto kwake.

"Sikiliza, mwanangu. Kila jioni utanifundisha ulichofundishwa. Siku ukikosa kusikia usione haya, niambie. Kesho yake nitafunga cherehani nije nikae dawati hili hili na wewe, mpaka usikie."