Kiti cha Orval

Mtu wa kwanza kuniletea chakula asubuhi ile alikuwa Darla Pruitt, na Darla hajawahi kuniletea hata chumvi. Tumekuwa majirani wa kiangazi kwa miaka ishirini na miwili, yeye kiwanja namba kumi na sita, mimi na mume wangu kumi na saba, na tangu alipotundika vile vikengele vyake vinavyolia kila upepo ukipita, salamu zetu ni za mkato. Sasa saa mbili kasoro namwona amesimama kwenye ngazi za karavani yangu, bado na nguo ya kulalia, kabeba bakuli la viazi vya kuoka na jibini, la moto, limefunikwa kitambaa safi. Akaliweka mezani, akanikumbatia, akanibana kweli kweli, kisha akaondoka bila kusema neno.

Nikabaki nimesimama na kikombe changu cha kahawa. Nikajiuliza, huyu kaokoka au kaugua?

Hata hivyo sikuwa na nafasi ya kumfikiria Darla. Ilikuwa Ijumaa ya mwisho ya Agosti, na kila anayekaa Ziwa Sorrel anajua maana yake. Kabla ya saa sita mchana unakwenda ofisini kwa Thad Bickel, msimamizi wa kambi, unatia sahihi fomu, na kiwanja chako kinabaki chako mwaka kesho. Usipotia sahihi, kinakwenda kwa wanaongoja, na kuna watu wamengoja miaka minane. Thad hana msamaha. Mwaka juzi wazee fulani kutoka Spokane walichelewa dakika ishirini kwa sababu ya pancha, na kiwanja kikaenda. Walilia pale pale mlangoni, na Thad akawapa karatasi za kufutia machozi na ramani ya kambi nyingine.

Nami nilikuwa nimeapa namba kumi na saba haitoki mikononi mwangu. Shida ilikuwa Orval.

Jumatano jioni, tunakula, mume wangu aliweka uma chini akasema, "Mwaka huu tusitie sahihi." Hivyo tu, kama mtu anayeomba chumvi. Orval Haugen, ambaye majira ya baridi yote kule nyumbani, mjini Nampa, anakaa gereji akipanga ndoana zake kwenye vikasha na kuhesabu wiki zilizobaki. Nikamuuliza kwa nini. Akasema amechoka. Nikamuuliza amechoshwa na nini, na kukaa kwenye kiti akiangalia maji? Nikasema na mengine ambayo sitayarudia hapa. Mwishoni nikamwambia kama hataki, nitatia sahihi peke yangu na kuja peke yangu. Akasema, "Sawa." Hiyo sawa yake iliniuma kuliko matusi. Tukalala mgongo kwa mgongo, na Alhamisi nzima hatukusemezana.

Ijumaa hiyo aliamka giza bado halijatoka. Nilimsikia lakini nikajifanya nimelala. Alisimama mlangoni muda mrefu, mpaka baridi ikaanza kuingia, na mimi nikawa nasubiri aseme samahani ili nipate kumnyima msamaha. Hakusema. Nikamsikia akiburuta kiti chake cha kijani kuelekea gatini, kama kila siku. Baada ya nusu saa hivi, pikapu ikawaka na kuondoka. Nilipoamka nikakuta chupa yake ya chai iko mezani, tupu. Miaka arobaini na mmoja ya ndoa, hajawahi kwenda popote bila ile chupa. Nikasema, kanuna huyo, atarudi akisikia njaa.

Basi baada ya Darla akaja Thad mwenyewe. Kavua kofia. Sijawahi kuona upara wa Thad Bickel, na nisingependa kuuona tena. Mtu huyu hupima turubai za kivuli za karavani zetu kwa kamba na kuhesabu mbwa wa watu. Akasimama pale akiangalia viatu vyake, akaniambia nisihangaike na fomu, saa sita ni kwa wengine, mimi nichukue muda wangu wote. Halafu akasema bomba langu la maji machafu ataliangalia yeye kwa mkono wake. Nikamshukuru, maana unasema nini kingine?

Alipoondoka nikakaa chini kufikiri, na kadiri nilivyofikiri ndivyo nilivyozidi kuchanganyikiwa. Watu wakaendelea kuja. Tambi na samaki wa kopo. Maharage. Paja la nguruwe zima. Jeli ya kijani yenye karoti ndani, ambayo huku Idaho hakuna anayeipenda na hakuna anayeacha kuipika. Wote wananikumbatia, wote wananong'ona, hakuna anayesema lolote la maana. Kufika saa nne meza ilikuwa imejaa nikaanza kupanga mabakuli kitandani.

Hapo ndipo nilipopata jibu, na lilikuwa jibu la kijinga, lakini wakati ule niliona limenyooka kabisa. Orval kanizunguka. Kaenda ofisini alfajiri, kamwambia Thad tunaachia kiwanja, na kambi nzima inajua isipokuwa mimi. Hiki kilikuwa chakula cha kuagana. Hasira zikanipanda mpaka masikio yakawaka moto. Darla aliporudi, safari hii kavaa vizuri na kachana nywele, nilimwambia waziwazi.

"Orval kaamua mambo yake peke yake, hakunishauri. Asitegemee nitamlilia."

Darla akakaa kwenye ngazi kama aliyekatwa miguu. "Arlys, usiseme hivyo. Hasira ni kitu cha kawaida, lakini usiseme hivyo."

"Na nitakitunza kiwanja. Naye akipenda akae huko huko alikokwenda."

Akanitazama kwa huruma mpaka nikataka kumpiga na bakuli lake. Kisha akaniuliza kwa sauti ndogo kama nimeshakwenda gatini tangu asubuhi. Nikasema sijakwenda, nikafuate nini gatini, mimi harufu ya samaki inanipa kichefuchefu toka zamani. Akasema, "Nenda mpenzi. Wameweka vizuri sana."

Wameweka nini? Sikumuuliza. Nilivaa viatu nikateremka kupitia misonobari, nikipanga moyoni maneno ya kumwambia Orval akitokea, na Darla akinifuata nyuma kwa mbali.

Pale mwisho wa gati kilikuwepo kiti cha kijani. Kimegeuzwa kutazama maji. Juu yake kofia ya Orval.

Pale Sorrel hatuna kaburi wala kanisa. Mvuvi wetu akifa, mkewe, au mtu wake wa karibu, anapeleka kiti chake mwisho wa gati, anakielekeza majini na kuweka kofia juu. Basi. Hakuna tangazo. Wengine wakikiona kila mmoja anatoa chambo chake bandia anachokipenda kuliko vyote, anakichomeka kwenye ile kofia, halafu anarudi nyumbani kupika. Na hakuna anayeuliza. Hiyo ndiyo sheria kubwa, kwamba huulizi mpaka mwenye msiba afungue kinywa mwenyewe. Mwaka jana niliweka kiti cha mzee Hollis kwa mikono yangu, kwa sababu hakuwa na mtu. Chakula chote kile hakikunikumbusha hilo, maana kiti cha mume wangu ni mimi ningekiweka.

Kofia ya Orval ilikuwa imejaa vyambo, manyoya mekundu na ya njano, visahani vya shaba, mpaka kitambaa hakionekani.

Nikashika nguzo. Nikamgeukia Darla nikamuuliza Orval yuko wapi, na Darla akafunika mdomo. Akasema alisikia pikapu ikitoka alfajiri, alipoona kiti akajua wamemkimbiza hospitali na hakufika. Alidhani kiti nimekiweka mimi.

"Mimi sijaweka kiti," nikasema.

"Sasa kaweka nani?"

Tukatazamana. Jibu lilikuwa moja tu, na wote wawili tulilijua. Mtu anayejiwekea kiti chake mwenyewe, akaacha chupa yake ya chai mezani, akaingia garini gizani, anakwenda wapi? Nilikumbuka alivyosimama mlangoni na baridi ikiingia. Alikuwa ananiaga, na mimi nikajifanya nimelala, nikisubiri nimnyime msamaha. Simu huku milimani hazishiki mpaka upande kwenye tangi la maji, nami nilikuwa nimeshaanza kukimbia kuelekea huko, na umri wangu huu, na viatu vya ndani, niliposikia injini.

Pikapu yetu ilikuwa inakuja mwendo wa konokono, magurudumu mawili kwenye majani. Ikasimama katikati ya njia. Orval akashuka akishika mlango, kisha boneti, kisha hewa.

Nilimfikia nikampiga kifuani kwa mikono miwili. Halafu nikamshika shati nikalia kwa sauti mpaka watu wakatoka kwenye karavani zao. Walipomwona aliyekufa amesimama na suruali yake ya kaki, kuna mwanamke aliangusha jagi. Orval akawa anauliza, "Nini? Kuna nini? Nani kafa?"

"Wewe," nikamwambia. "Wewe ndiye uliyekufa, mpumbavu mkubwa. Twende uone."

Nikamburuta mpaka gatini. Thad alikuwa ameshafika, na Darla, na wengine, wamejipanga kimya, hawajui wacheke au wakasirike. Orval alikaribia kiti polepole, akanyoosha mkono, akagusa kofia. Vidole vikapita juu ya chambo kimoja kimoja. "Hiki cha Darla," akasema. "Kasokota uzi mara tatu, siku zote anazidisha." Kidole kikasogea. "Hiki cha Thad. Thad, hiki ulisema utazikwa nacho." Akaendelea hivyo, anataja jina baada ya jina, hakosei, na watu wanaanza kutabasamu.

Mimi sikutabasamu. Nilikuwa nauangalia uso wake. Alikuwa ameuelekeza ziwani. Hakuitazama ile kofia hata mara moja.

"Orval," nikasema. "Hiki kina rangi gani?"

Vidole vyake vikasimama juu ya ile kofia.

"Katikati hakuna kitu, Arlys," akasema mwishowe. "Pembeni naona kidogo. Katikati kuna doa la kijivu. Tangu masika. Uso wako siuoni mpaka nigeuze kichwa."

Akasimulia akiwa ameshika kiti. Zile safari za mjini alizoniambia ni za duka la vyuma zilikuwa za daktari wa macho, naye kasema lile doa halitapungua. Alfajiri ile alikuja gatini kufunga ndoana. Alijaribu mara kumi na moja, akajichoma vidole, uzi haukuingia. Akaona basi, mvuvi kafa, akakigeuza kiti na kuweka kofia kama anavyostahili mvuvi yeyote. Kisha akaondoka kwenda kwa daktari mjini, kumwuliza kwa mara ya mwisho. Kwenye kona ya pili akashindwa kuona ukingo wa barabara, na chini ni korongo. Akasimama pale, akangoja jua lipande vya kutosha kumrudisha.

"Sikufikiria kama watu watapika," akasema.

Nilitaka kumuuliza kwa nini hakuniambia. Lakini nilijua. Jumatano aliweka uma chini aniambie, na mimi nikamuuliza amechoshwa na nini, na kukaa kwenye kiti akiangalia maji? Hayo nilisema mimi, kwa mdomo wangu huu.

Thad akakohoa. Akasema jamani samahani, lakini sasa hakuna msiba, na ni saa sita kasoro dakika nane.

Nilikwenda ofisini na viatu vyangu vya ndani. Thad akasukuma fomu mezani. Pale penye majina ya watakaokaa nikaandika Orval Haugen, chini yake nikaandika langu. Thad akaisoma, akapiga muhuri, akasema anatumaini sasa bomba la maji machafu nitaliangalia mwenyewe.

Niliporudi, watu walikuwa wameondoka na Orval yuko kwenye kiti chake, kofia kichwani, vyambo vya kambi nzima vikining'inia. Nikatoa miwani yangu ya kusomea. Nikachukua uzi na ndoana. Sijawahi kufunga ndoana maishani mwangu. Yeye akawa ananielekeza, pitisha, zungusha, rudisha, na mimi namwambia anyamaze, na mara ya nne uzi ukakazana. Nikashika chambo kwa kucha mbili, nikiziba pua, nikakichomeka kwenye ndoana, akarusha. Hilo bado anaweza vizuri kuliko wote.

Boya likakaa juu ya maji, dogo, jekundu. Nikavuta ndoo nikaikalia kando yake.

"Liko wapi?" akauliza.

"Kushoto kwa kile kivuli cha mlima. Limetulia."

"Na sasa?"

"Limetulia, nimekwambia. Nitakwambia."

Tukakaa. Ilipita kama nusu saa, sijawahi kuangalia kitu kwa bidii namna ile, macho yakaanza kuniuma. Halafu lile boya likacheza mara moja, mara mbili, likazama.

"Vuta," nikamwambia. "Sasa, mzee. Vuta."